Mlima Usionyooshewa Kidole

4 Oktoba

Leo nimeitwa mchawi kabla sijanywa chai. Aliyeniita ni MaShezi, jirani yangu wa bondeni, na hakujali hata kuitua ndoo ya maji kichwani. Nilikuwa nashuka kilimani, kamera shingoni.

"MaHadebe, na nguo hizo nyeusi, unatafuta nini huko juu alfajiri yote hii?"

"Natafuta mwanga."

"Mwanga anatafuta mwanga?" akasema, akacheka mpaka maji yakammwagikia mabegani. Sikusikitika kuyaona yakimmwagikia.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mume wangu Bhekithemba alifariki Februari, na mjane wa huku huvaa nyeusi mwaka mzima. Hapazi sauti, hashikani mikono na mtu, hapiti katikati ya njia, na jua likizama awe ndani. Mwaka wa namna hiyo unaweza kumpasua mtu kifua. Basi sauti yangu nitaipaza humu.

Kamera ilikuwa ya Bhekithemba. Alipiga picha za harusi na za wanafunzi, milima hakuigusa, alisema haijui kutabasamu. Mimi tangu tumzike sijapiga picha ya mtu hata mmoja. Kila alfajiri napanda kilima nyuma ya nyumba, nakaa juu ya jiwe, naungoja Ayikhonjwa utoke gizani. Jina hilo maana yake ni mlima usionyooshewa kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi na kuielekeza huko. Ukinyoosha kidole unauita, nao ukiitwa huja na mvua na radi. Tumeambiwa hivyo tangu utotoni, na mimi sijawahi kuunyooshea kidole. Kamera si kidole.

5 Oktoba

Upepo na vumbi. Picha zote hovyo.

9 Oktoba

Nimegombana na mama mkwe. Ningeweza kuandika hivyo kila siku na nisiwe mwongo.

Anaitwa MaZondi, na baba mkwe wake yeye aliitwa Mvula, na kwa lugha yetu hilo ndilo neno la mvua. Mwanamke aliyeolewa haruhusiwi kutamka jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo. Kwa hiyo MaZondi, tangu alipoletwa hapa akiwa msichana mpaka leo hana jino la mbele, hajawahi kutamka neno mvua. Husema mgeni. Mgeni anakuja, toeni nguo kwenye kamba. Mgeni alilala kwetu jana, njia haipitiki. Nami nilipaswa kusema hivyo hivyo. Nilijaribu wiki za kwanza za ndoa, nikachoka.

Leo nilimpelekea unga, nikasahau.

"Mwaka huu imechelewa, Mama."

"Nani amechelewa?"

"Mvua."

Akaweka mwiko chini. "Babu wa mume wako unamtaja kama unaita kuku."

"Nataja maji ya mawinguni, Mama."

"Bhekithemba alioa macho tu. Adabu sijui aliiacha kwa nani."

Niliweka unga mlangoni nikaondoka bila kuaga. Hanipendi, simpendi, na katika hilo peke yake tunaelewana.

15 Oktoba

Leo mlima umenipa. Ukungu ulikuwa umelala bondeni mzito kama maziwa mgando, vilele vikatokeza juu yake vyeusi tititi, kisha rangi ya waridi ikaanza kwenye kilele kirefu na kuteremka polepole ukutani mwa mawe mpaka kwenye majani. Nilipiga picha moja tu. Halafu nikashusha kamera nikatazama kwa macho mpaka rangi ikaisha. Nilifurahi. Naliandika neno hilo kwa sababu sijalitumia tangu mazishi.

Kugeuka, nikamwona shemeji yangu Mfaniseni, mdogo wa marehemu, amesimama zizini chini, mikono kiunoni. Hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akiiangalia nyumba yangu, kuanzia msingi hadi paa.

16 Oktoba

Mfaniseni ananisalimia kwa upole. Sijapenda.

23 Oktoba

Upole umeeleweka. Amekuja leo mchana, akaketi kwenye kiti cha kaka yake bila kukaribishwa, akanywa chai yangu vikombe viwili.

"Shemeji, Februari tunakuvua nyeusi."

"Najua."

"Ukishavuliwa utapumzika sasa. Kwenu Nquthu nasikia wamekukumbuka sana."

"Umesikia kwa nani? Wazazi wangu wamekufa, na kaka yangu amejaza watoto kila chumba."

"Usichukulie vibaya. Lwazi wangu anaoa baada ya Pasaka. Atahitaji nyumba. Na hii imekaa pazuri, mlima wote unauona dirishani. Wewe huna mtoto, nyumba yote hii ya nini?"

"Ya kulala."

Akacheka. Alikuwa amejiandaa. "Nimeshaongea na Mama. Mwenye neno la mwisho katika boma hili ni Mama, na Mama amekubali."

Tuliijenga nyumba hii mimi na Bhekithemba. Tofali nilisomba kwa mikono hii, na dirisha la mashariki ni mimi niliyesema likatwe pana. Sasa nitolewe kama kuku aliyeingia sebuleni, na yule bibi asiye na jino ndiye aliyetikisa kichwa kukubali. Leo namchukia kwa moyo wote. Nimeandika nikiwa na akili zangu timamu.

1 Novemba

Hakuna hata wingu.

8 Novemba

Wamenivizia bombani. MaShezi na wenzake wanne, wote ndoo mikononi, wote macho makavu.

"Sisi hatukukatazi kutembea," MaShezi akaanza, na nikajua ananikataza kutembea. "Lakini mlima haunyooshewi kidole, na hicho kidude chako kinanyooshwa."

"Nakishika kwa ngumi mbili. Tazameni." Nikawaonyesha, moja kulia, moja kushoto.

"Na hicho cha juu?"

"Kipi?"

"Kidole kinachobonyeza. Si kidole hicho? Au kwenu Nquthu kinaitwa kijiko?"

Wakacheka wote. Nami nikakitazama kidole changu. Miezi yote hii sikuwahi kukifikiria kidole cha kubonyezea. Ni kweli kimenyooka, na ni kweli kinatazama mbele. Nimerudi nyumbani nimekasirika kuliko siku zote, kwa sababu safari hii mjinga alikuwa na hoja.

9 Novemba

Nabonyeza kwa kifundo cha kidole, ngumi ikiwa imefungwa. Picha zote zimetikisika. Ayikhonjwa unaonekana una homa. Nimlaani MaShezi? Nimemlaani.

19 Novemba

Joto. Mahindi yaliyopandwa mapema yamejikunja, majani yakikatika mkononi. Kwa Mfaniseni ng'ombe wamebaki mbavu, na usiku unawasikia wakilia kama watu.

Leo nikiwa juu ya jiwe nilimwona MaZondi shambani kwake. Alikuwa amepiga magoti, anachimbua udongo kwa vidole na kuunusa. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikaelekeza lenzi ndefu kwake nimwone vizuri. Nikagundua kitu ambacho sijawahi kukitazama miaka yote niliyokaa hapa. Hainui macho. Mlima wote uko mbele yake, mkubwa hivyo, na yeye anaupitisha juu ya kichwa kana kwamba hauko. Mke wa mtu hapaswi kukodolea macho vitu vya ukoo wa mumewe, na mlima ni wa ukoo huu. Amekaa chini yake maisha yake yote bila kuutazama vizuri.

Sikupiga picha. Nilihisi nimemchungulia mtu anaoga. Bado namchukia, ila sasa nimeanza kumwonea huruma kidogo, na hilo linanisumbua zaidi.

30 Novemba

Chifu amewaita wanaume kuomba huko kwenye makaburi ya wakubwa. Wamerudi wamelewa. Jua kali vile vile.

6 Desemba

Jambo la leo ni zito, nitaliandika lilivyokuwa.

Mchana, jua liko utosini, MaZondi amekuja kwangu. Hajawahi kuja. Tangu Bhekithemba afe, nimekuwa nikienda mimi, nikipiga magoti mlangoni kwake. Leo alisimama kwenye kizingiti changu na fimbo yake, akakataa kuketi, akakataa maji.

"MaHadebe."

"Mama."

"Mgeni hajaja mwaka huu."

"Hajaja, Mama." Nilijibu hivyo bila kufikiri, nikaona macho yake yakilainika kidogo. Labda ni mara ya kwanza kunisikia nikiheshimu.

"Watoto watakula nini? Nimenusa udongo, umekufa." Akatazama kamera juu ya meza, haraka, kisha akatazama miguu yake. "Watu wanasema hicho kitu kinaita."

"Watu wanasema mengi. Wewe umeniambia mara ngapi nikiache?"

"Nimekwambia. Sasa nakwambia kingine. Nenda kamwite mgeni."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Mwanamke huyu aliyenisema mbele ya wageni wa matanga kwamba nimevaa nyeusi na kubeba kamera ya starehe, sasa amekuja kuniomba niunyooshee mlima kidole.

"Ikitokea mabaya, utasema ulinituma?"

"Nimekuja kwa miguu yangu jua likiwa hapa juu," akasema, akainua fimbo. "Unataka nije na ngoma?"

Akaondoka. Alipita kando ya njia, nyuma kabisa kwenye majani, kama wapitavyo wajane. Yeye alivua nyeusi zamani sana, kabla sijamjua, na bado anapita pembeni.

7 Desemba

Nimeenda. Nimefungua ngumi nikabonyeza kwa kidole, kilichonyooka, bila kujificha. Nimepiga picha kilele, nimepiga ukuta wa mawe, nimepiga vibonde vyote mpaka betri ikafa. Nikajiambia siamini mambo haya. Nikaona naangalia anga kila baada ya picha.

8 Desemba

Hakuna kitu. Anga safi. Najiona mpumbavu.

11 Desemba

Imenyesha.

Ilianza mchana, polepole, kisha ikakaza. Watoto walitoka uchi. MaShezi mwenyewe nilimwona amesimama uwanjani, mdomo wazi, ulimi nje. Nilikaa dirishani nikalia kidogo, kwa ajili ya Bhekithemba, kwa sababu angepiga picha za watoto hao.

12 Desemba

MaShezi amenisalimia. "Umeamkaje, dada?" Dada! Nyuma yake mwingine akanong'ona kwamba kidole cha MaHadebe kimefanya kazi. Hakuna aliyeniambia asante, na hakuna aliyeniita mwanga. Mahindi yameinua vichwa. MaZondi amenitumia bakuli la mboga za mwitu, bila salamu. Nimezila zote.

20 Desemba

Bado inanyesha. Milima imesafishwa, mabonde yote yanaonekana mpaka mawe madogo. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kidole changu sasa hakiogopi.

2 Januari

Mvua ya mawe.

Ilikuja alasiri kutoka nyuma ya Ayikhonjwa, wingu la kijani, nikaona ndege wote wanakimbia chini. Mawe ya ukubwa wa mayai ya kuku. Mahindi yaliyokuwa kiunoni yamebaki vijiti. Paa la jikoni la MaShezi limetobolewa. Na radi ilipiga mti wa mpakani, ambapo ng'ombe wa Mfaniseni walikuwa wamekimbilia. Ng'ombe wote waliokuwa chini ya mti wamekufa wamesimama, kisha wakaanguka kila mmoja upande wake. Nilisikia Mfaniseni akilia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akimlilia kaka yake hivyo.

Nasema kweli, nilimwonea huruma kwa muda wa kutosha kufunga dirisha.

3 Januari

"Uliita, hukujua kuzuia," MaShezi ameniambia njiani, akatema mate karibu na kiatu changu. Dada limekwisha.

6 Januari

Mtu amerusha jiwe kwenye dirisha la mashariki nikiwa nimekaa ndani. Kioo kimepasuka kona. Nimeweka karatasi. Mlima nauona kupitia ufa.

9 Januari

Nimeitwa kwa induna, mkuu wa vijiji hivi, Mzee Dladla. Mfaniseni ndiye mshtaki. Mjane mwenye nyeusi ameuita mlima kwa kidole, ameleta mawe na radi. Wanataka nisingoje hata Februari.

Nimempelekea MaZondi habari. Alikuwa anapukuchua mahindi ya zamani. Hakuinua kichwa.

"Utasema ulinituma?"

"Nenda ukakae vizuri mbele ya watu," akasema. "Usiongee haraka kama unavyoongea."

Sikupata jibu zaidi. Nilitoka nikajua nimeachwa.

14 Januari

Nitaandika yote, hata kama mkono utakufa ganzi.

Shauri lilisikilizwa kwenye banda la mabati la induna, kwa sababu ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Wanaume walikaa upande mmoja kwenye viti, wanawake upande wa pili kwenye mikeka, na mimi karibu na mlango peke yangu, kama inavyotakiwa, uso nusu ukutani. MaZondi alikaa mbele ya wanawake wote, kwa sababu ndiye mkubwa.

Mabati yalikuwa yakipigwa mpaka hatusikilizani. Mzee Dladla akasema wazi, "Mjane hawezi kupaza sauti. Mfaniseni, wewe ni mkubwa wa boma sasa. Atasema, nawe utayarudia maneno yake kwa sauti."

Mshtaki ndiye akawa mdomo wangu. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mtu ataliona hilo. Wote waliona, wakatazama mabati.

Induna akauliza kama ni kweli nilinyoosha kamera kwenye mlima. Nikasema ndiyo, kila asubuhi, tangu Machi, na hakuna aliyepigwa na radi mpaka mwezi huu.

"Anasema ndiyo," Mfaniseni akapaza. "Kila asubuhi."

"Nimesema zaidi ya hayo."

"Anasema hana zaidi."

Kulikuwa na vicheko. Nilibana meno. Induna akauliza, mwezi wa Desemba, ilikuwaje nikazidisha? MaShezi aliniona siku nzima juu ya jiwe, kidole nje.

Ningeweza kulibeba mwenyewe. Ningeweza kusema nilienda kwa akili yangu, na bibi yule angebaki na heshima yake. Nilimtazama. Alikuwa anatazama miguu yake. Nikafikiri juu ya nyumba yangu, Lwazi akilala chini ya dirisha langu, na nikafikiri alivyosema amekuja kwa miguu yake mchana. Nikasema, "Mama alinituma. Alisema nikamwite mgeni."

Mfaniseni alinitazama kwa furaha. Sitaisahau sura ile.

"Anasema Mama alimtuma amwite mgeni!" akapaza, halafu akawageukia wazee, akapunguza sauti kama mtu anayeelezea wagonjwa. "Ndugu zangu. Wote mnajua dada yetu Ntombenhle yuko Johannesburg tangu kifo cha kaka. Mama anamlilia kila siku. Mama alimwambia huyu, mwite mgeni, mpigie simu dada yako, aje. Huyu akachukua kamera akaenda kuita mlima." Akapanua mikono. "Hajui hata kusikiliza. Hajajifunza lugha ya boma hili mpaka leo."

Banda zima likacheka. Hata wale waliokuwa wakiniogopa walicheka. MaShezi alijipiga paja. Mgeni ni mgeni. Nani angethibitisha mgeni yupi?

Mzee Dladla akangoja kicheko kiishe. "Mama MaZondi. Ulimwita binti, au ulimaanisha jambo lingine?"

MaZondi hakujibu.

"Mama, unaweza kusema tu. Ulimwambia akamwite nani?"

Mabati yanapigwa. Mfaniseni akamwinamia, akamwambia kwa upole ule ule alionisalimia nao Oktoba, "Mama sema tu Ntombenhle, tukale."

Induna akapumua. Akasema basi, kwa kuwa mama hasemi, shauri liko wazi. Kamera itakaa kwake. Mjane ataondoka kurudi kwao, nyeusi atavuliwa huko huko, nyumba irudi kwa boma. Wanaume wakaanza kusukuma viti.

MaZondi akainuka. Alijishika kwenye fimbo, polepole, na kwanza nilidhani anataka kutoka nje.

"Mfaniseni," akasema.

"Mama."

"Umesema nimekubali nyumba ya Bhekithemba apewe Lwazi. Uliniuliza lini?"

"Mama, tutayaongea nyumbani."

"Hukuniuliza. Na sasa unachukua adabu yangu, niliyoilinda tangu sijazaa mtu, unafunikia uongo wako." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikamezwa na mabati. Wazee wa nyuma wakaweka mikono masikioni. "Hawasikii?" akaniuliza mimi. Mimi, si mwingine.

"Hawasikii, Mama."

Basi akainua uso, na akapiga kelele, sauti ya mwanamke anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Nilimtuma akaite mvua! Mvula! Mvula! Mmesikia sasa?"

Sijawahi kusikia banda likinyamaza hivyo huku mvua ikipiga. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mzee mmoja alisimama akatoka nje, akasimama mvuani. MaZondi alimtaja baba mkwe wake kwa jina mbele ya wanaume wote wa ukoo, na hakuna njia ya kulirudisha neno hilo.

Mzee Dladla akawaashiria wanaume wakae tena. Mwisho akasema kwamba kama mama wa boma ndiye aliyetuma, jambo ni la boma, si lake. Akatuambia twende nyumbani. Kamera alinirudishia yeye mwenyewe, akiishika kwa kitambaa.

15 Januari

Hakuna anayemsalimia MaZondi. Maji bombani wanampisha, si kwa heshima. Ili asafishwe inabidi mbuzi achinjwe, na mbuzi ni wa Mfaniseni. Mfaniseni amesema hana mbuzi. Nimewahesabu kwa macho kutoka juu ya kilima, wamejaa zizi zima.

Nilimpelekea uji. Aliupokea mlangoni, akafunga mlango.

22 Januari

Mfaniseni amekuja kwangu, hakuketi. "Usidhani umeshinda. Induna alisema ni jambo la boma. Boma ni mimi. Februari unaondoka." Hakunywa chai. Sikumpa.

Amesema kweli. Sina mtoto, sina mtetezi, na yule aliyenitetea amefanywa kama maiti. Nimepanga nguo zangu kwenye sanduku. Picha za mlima nimezifunga kwa kamba, sijui nitazitundika ukuta gani.

2 Februari

Leo mchana nilimsikia akipanda njia kabla sijamwona, kwa ile fimbo. Safari hii hakupita majanini, alipita katikati kabisa. MaZondi. Kichwani mkeka na blanketi mbili, mkononi sufuria, nyuma yake mjukuu mmoja wa MaShezi akiburuta kigoda. Wote bondeni walikuwa wametoka nje kutazama, na Mfaniseni alikuwa amesimama zizini.

Aliingia bila kubisha. Akaweka sufuria jikoni kwangu, juu ya yangu.

"Nahamia hapa," akasema.

Nilihitaji muda kidogo kuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja. Mfaniseni anaweza kumtoa mjane asiye na mtoto. Hawezi kumleta Lwazi na mkewe wakalale katika nyumba anamolala bibi yao. Haifanyiki, hata kwa mtu asiye na haya kama yeye. Maadamu MaZondi yumo humu, nyumba hii ni nyumba ya MaZondi, na mimi ni mke wa mwanawe ninayemtunza.

"Mama," nikasema.

"Usidhani nakupenda."

"Sijadhani."

"Una mdomo. Uji wako una mabonge. Na ukivuliwa nyeusi, sitaki kukuona umevaa suruali."

"Nitavaa."

"Najua." Alitembea chumba kizima akigonga kuta kwa fimbo. Akafika dirisha la mashariki, pale mlima wote unapoonekana, pale nilipolala na Bhekithemba miaka yote. Akautazama Ayikhonjwa. Aliutazama kwa muda mrefu, kidevu juu, bila kuinama. Sijui alikuwa akiwaza nini, na sikumuuliza. Kisha akaanza kukunjua mkeka wake hapo hapo chini ya dirisha, kwenye nafasi nzuri kuliko zote ndani ya nyumba yangu.

"Kitanda chako kiko njiani," akasema. "Sogeza."

Nikasogeza.